Dakika Tano za Ndeshukurwa

Karatasi ile haikuwamo jana.

Jumatatu jioni Aikande Nanyaro alikuwa ameliacha jalada likiwa na kurasa mia tatu na kumi na nne. Alizihesabu mwenyewe, akaandika idadi kwa penseli nyuma ya kifuniko, kama alivyozoea. Jumanne asubuhi, kabla hata hajavua koti, zilikuwa mia tatu na kumi na tano.

Ukurasa mpya ulikuwa katikati, baada ya hati za mwaka 1982. Aliuchomoa, akauinua dirishani kwenye mwanga wa asubuhi ya Arusha. Kingo zimegeuka manjano, kutu ya kibanio imeacha alama pembeni. Akaunusa. Ulinukia uzee. Ulinukia uzee kupita ndugu zake wote waliolala humo jaladani miaka sitini na sita.

Kazi ya Aikande ilikuwa kuandika nasaba za filamu: nani aliitengeneza, akamuuzia nani, nani akamrithi nani, mpaka anayeishika leo. Sheria ilitaka nasaba iandikwe na binadamu, kwa mkono, kwa sababu mashine huamini karatasi yoyote iliyoandikwa vizuri. Aikande hakuziamini hata zilizoandikwa vibaya.

Kwenye ukuta wa jengo la mkabala, mcheza filamu mmoja wa Hollywood aliyefariki mwaka 1971 alikuwa akiwauliza wapita njia kama wamelala vizuri. Aliwaita kwa majina. Binti mmoja alisimama, akacheka, akamjibu, na yule marehemu akamsifia viatu. Hicho ndicho kilichoitwa kivuli. Mashine ilihitaji nusu dakika tu ya mtu kwenye mkanda wa filamu ili kumwamsha: akatembea, akaongea, akajifunza. Na mwenye filamu ndiye mwenye vivuli vyote vilivyomo.

Ndiyo maana makampuni yalikuwa yakikimbizana kama watu walioanika mahindi wakaona wingu. Filamu hizi za kale zilikuwa zikifikisha miaka tisini na mitano, umri ambao umiliki hukoma. Lakini kivuli kilichoamshwa siku moja kabla ya ukomo kilihesabiwa kazi mpya, kikapewa miaka yake mingine tisini na mitano.

Filamu iliyokuwa mbele ya Aikande iliitwa *Vumbi Juu ya Meru*. Studio ya Halloran ya Kalifornia iliipiga mwaka 1953 kwenye tambarare za Engare Nanyuki, miaka miwili baada ya Wameru kufukuzwa pale, ikaanza kuonyeshwa mwaka uliofuata. Mwaka 1961 studio ilipodhoofika, iliuza ghala lake zima la filamu kwa wasambazaji wa televisheni walioitwa Bexley. Bexley wakamezwa na kampuni ya matairi, Corland, ambayo haikujua ifanye nini na filamu mia mbili na kumi na mbili. Februari 1982 Corland wakaziuza kwa Tessaly, watu wa televisheni ya waya. Tessaly wakafilisika, benki ikachukua. Benki ikauzia mfuko wa uwekezaji, mfuko ukauzia kampuni ya kuhifadhi data, na sasa kampuni hiyo ilikuwa ikiiuzia kampuni ya vivuli iitwayo Mnara. Saini ya Aikande ndiyo iliyokuwa ikingojewa, Ijumaa ya wiki ijayo.

Tatizo lilikuwa mwaka ule wa 1982. Zamani hizo, sheria ya Marekani ilimtaka mwenye filamu aisajili upya ikifika mwaka wa ishirini na nane, la sivyo inakuwa mali ya watu wote. Filamu hii ilisajiliwa upya Oktoba. Aliyeisajili alikuwa Corland. Corland, aliyekwisha kuiuza miezi minane kabla.

Mtu hawezi kukarabati paa la nyumba aliyokwisha kuuza, kisha akasema nyumba ni yake. Mnyororo wa umiliki ulikuwa umekatika. Tangu Januari 1983 *Vumbi Juu ya Meru* haikuwa na mwenyewe, na wote waliofuata waliuziana hewa.

Hivyo ndivyo Aikande alivyoamini mpaka Jumatatu jioni. Leo ukurasa huu mpya ulikuwa ukimwambia vingine: barua ya Tessaly, Machi 1982, ikimruhusu Corland aisajili filamu kwa niaba yao. Pengo limezibwa. Limezibwa vizuri, kama jino.

Akairudia barua mara ya tatu, akaiacha saini, akaiacha tarehe, akatazama kichwa cha karatasi. Kampuni ya Tessaly Duniani. Akafungua hati za usajili wa kampuni. Jina hilo Tessaly walilichukua mwaka 1985.

Akaketi. Koti bado alikuwa amelivaa.

*

Chumba cha jalada kilifunguka kwa viganja viwili tu: chake na cha mkuu wake, Zuwena Mtulia.

Zuwena alikuwa akinywa chai ya tangawizi na kusoma. Alipoiona ile karatasi mkononi mwa Aikande, aliinuka akafunga mlango. Katika miaka sita Aikande hakuwahi kuuona mlango ule ukifungwa.

"Dada Zuwena, nani ameingia kwenye jalada langu?"

"Mimi."

Aikande alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Ukweli ulimtisha zaidi.

"Nani alikuletea hii?"

"Hilo usiniulize. Keti, mdogo wangu."

"Nimesimama tu."

Zuwena akashusha pumzi. "Sawa. Niambie wewe. Ukiandika kwamba mnyororo umekatika, nini kitatokea?"

"Filamu itakuwa ya watu wote."

"Filamu, ndiyo. Na waliomo? Wamo watu sitini na mmoja mle ndani ambao nyuso zao zinatosha kuamshwa. Wameru, Waarusha, Wamasai, waliookotwa shambani wakaambiwa pita hapa, beba hiki, kimbia. Hao nao watakuwa wa watu wote. Umemsahau yule mama wa Kigoma?"

Aikande hakumsahau. Filamu ile ya Kigoma iliachwa huru miaka mitatu nyuma. Ndani ya wiki mbili kivuli cha yule mama kilikuwa kwenye simu za wahuni, kikifanya kila walichokiagiza. Wajukuu zake walihama mji.

"Mwenye mali unaweza kumburuta mahakamani," Zuwena alisema. "Mtaa utauburuta wapi? Mnara ni wafanyabiashara, sikatai. Lakini angalau Mnara watawavalisha nguo."

Maneno yale yalimwingia Aikande mahali ambapo hakutaka yaingie. Alimtazama Zuwena usoni akitafuta kitu, hofu au haya. Aliona mwanamke aliyechoka. Huruma na hongo, aliwaza, zinavaa uso mmoja.

"Kwa hiyo niitie saini karatasi ya uongo."

"Uwafunge zizini kondoo ambao ukiwaacha wataliwa. Ni hilo tu."

"Na zizi la nani, Dada?"

Zuwena alichukua kikombe chake, akakuta chai imekwisha, akakirudisha.

Aikande alirudi mezani kwake na kufanya jambo ambalo waandishi wengi wa nasaba hawalifanyi, kwa kuwa halina tija: alifungua bahasha ya mwisho jaladani, ile iliyoandikwa *Mengineyo*. Ndani yake mlikuwa na barua tatu za mkono mmoja, zilizoandikwa kwa miaka minne. Mwandishi alijitaja kuwa Anasia Mbise, mkunga mstaafu wa Nkoaranga. *Mwanamke wa mtungi ni mama yangu, Ndeshukurwa. Hakutia saini popote. Hakujua kuandika. Naomba asiamshwe.* Kila barua ilikuwa na muhuri wa "Imesomwa", na chini ya muhuri saini ya Zuwena.

Hakuna aliyekuwa amejibu.

*

Kesho yake Bibi Anasia alimpokea Aikande kibarazani bila kumkaribisha ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Miaka minne naandika, na leo umekuja kwa miguu yako. Mnataka nini?"

Alikuwa na miaka themanini na mitatu, mwembamba, mgongo umenyooka. Aliomba kitambulisho, akakisoma pande zote mbili, akamtazama Aikande viatu. Kisha ndipo alipoleta kigoda.

Aikande alimweleza lote. Kwamba akisema mnyororo ni mzima, kampuni itamchukua Ndeshukurwa na kumwamsha. Kwamba akisema umekatika, yeyote mwenye mashine atamwamsha. Kwamba kulikuwa na mlango mmoja mdogo: aliyeonekana kwenye filamu bila mkataba wenye saini anaweza kuondolewa humo kabisa, afutwe, asiwe wa huyu wala wa yule, mradi ndugu wa damu amtambue kabla nasaba haijafungwa.

"Namtambua. Nimeandika mara tatu."

"Hawakubali picha, bibi. Wanasema picha hufanana. Wanataka umtambue kivuli mwenyewe. Anaamshwa kwa dakika tano mbele yako."

Kuku walipita kati yao wakidonoa.

"Ili mama yangu asiamshwe," alisema polepole, "sharti aamshwe."

"Ndiyo, bibi. Na kuna jingine. Ukishamtambua, unamzima wewe, kwa mkono wako, kabla dakika tano hazijaisha. Zikiisha hujamzima, wanahesabu umeridhia aishi. Na saa ikishaanza, mimi siruhusiwi kufungua kinywa. Nikikukumbusha hata kwa kikohozi, shauri limekufa."

"Nani alitunga sheria hiyo?"

"Walioitunga walikuwa na mashine."

Bibi kizee alicheka kidogo, bila furaha. "Mimi sikuiona filamu ile mpaka nilipokuwa na miaka arobaini. Padri mmoja mgeni aliileta ukumbi wa kanisa. Nikamwona mama anapita na mtungi. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu. Akasema, 'Wale walinipitisha mara kumi na moja, na mtungi una maji kweli. Wangeniambia wanataka kupita tu, ningebeba mtupu.'" Akafuta mikono kwenye khanga. "Ni lini?"

"Kesho."

*

Chumba cha utambuzi kilikuwa ghorofa ya chini, hakina dirisha. Bwana Gaudensi Tillya wa Mnara alikuwa amefika mapema na mashine yake, kama sheria ilivyomruhusu mnunuzi. Alikuwa na adabu nyingi. Alimshika Bibi Anasia mkono mpaka kwenye kiti, kiti chenyewe kilaini, ameleta yeye. Pembeni ya kiti aliweka kisanduku cha karatasi laini za kufutia machozi.

Aikande alikitazama kile kisanduku. Mtu anayekuja na sanda kabla ya msiba, ana habari za msiba.

"Hii barua ya Tessaly," alimnong'oneza Gaudensi, "nimeiona."

"Barua ipi, dada?" Gaudensi alisema, na hakugeuza kichwa.

Zuwena aliingia mwisho, akasimama ukutani, kwa kuwa mkuu wa ofisi lazima ashuhudie. Hakumtazama mtu. Kwenye mkono wa kiti kulikuwa na kitufe chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa. Saa ya ukutani iliwashwa. Dakika tano kamili.

Duara la mwanga lilijaa sakafuni, na ndani yake akasimama mwanamke wa miaka ishirini.

Aikande alikuwa ameona vivuli vingi, lakini vya watu waliozoea kutazamwa. Huyu alisimama kama mtu aliyeitwa ghafla kutoka shambani. Shuka begani, miguu peku, vumbi mpaka magotini. Mtungi alikuwa nao kichwani. Akautua. Akawatazama, kisha akamtazama mzee kwenye kiti, akatabasamu.

"Mwanangu," alisema. "Umekuja."

Kiswahili chake kilikuwa laini, cha redioni. Bibi Anasia akatikisa kichwa.

"Sauti si yake."

Taa juu ya mlango ikawa ya njano. Aikande alijua sababu, hakuweza kuisema: studio ilimpa mwanamke wa mtungi sauti ya mtu mwingine kabisa, huko Kalifornia, na mashine ilijenga juu ya hiyo. Bibi akitamka "si yake" mara ya pili, itahesabiwa hakumtambua, na shauri limefungwa. Gaudensi alikunja mikono kifuani kwa utulivu.

Bibi Anasia alimsemesha yule mwanamke kwa Kimeru. Yule akajibu kwa Kiswahili kilekile, "Sema nami, mwanangu, nakusikia." Zikabaki dakika tatu na nusu.

Kisha mwanamke wa mtungi, kwa kuwa hakuna aliyemwagiza kitu, akafanya alichofanya kwenye filamu. Alivua kata kichwani, lile duara la majani ya mgomba linalokalisha mtungi. Ilikuwa imelegea. Akaisokota upya, kidole gumba cha kushoto kikizungusha jani kinyumenyume na kulichomeka chini, haraka, bila kuangalia.

Bibi Anasia akainuka nusu.

"Mikono," alisema. "Ile ni mikono ya mama yangu. Hivyo hasokoti mtu mwingine, alikuwa na kidole kilichovunjika. Namtambua. Andikeni, namtambua."

Taa ikawa ya kijani. Sasa bonyeza, Aikande aliwaza. Bonyeza, bibi.

Bibi Anasia aliketi tena. Mkono wake ulikuwa mapajani.

"Nimeanguka wiki iliyopita," alimwambia yule mwanamke. "Mguu unaniuma."

"Pole sana, mwanangu."

"Yule ng'ombe wako mweupe, nilimuuza."

"Umefanya vizuri."

Dakika moja na nusu. Gaudensi alisogeza kile kisanduku kidogo, kwa ncha ya kidole, kikawa karibu zaidi na mkono wa mzee na mbele ya kitufe. Aikande aliona. Alimtazama Zuwena kama naye ameona, na kwa mara ya kwanza macho yao yakakutana. Zuwena ndiye aliyeyashusha.

"Ile siku uliyokuwa unakata roho," Bibi Anasia alisema, "nilikuwa zamu. Walinipigia simu, nikasema ngoja nimalize kuzalisha huyu mmoja. Kisha akaja wa pili. Nilifika umeshafunikwa."

"Hukukosea, mwanangu," mwanamke wa mtungi alisema. Alipiga magoti ukingoni mwa duara, uso wake ukawa sawa na uso wa binti yake aliyemzidi miaka sitini. "Nilijua utakuja. Kaa nami."

Machozi yalikuwa yakimtiririka mzee hadi kidevuni. Hakuyafuta. Sekunde arobaini. Kucha za Aikande zilikuwa zimezama viganjani. Alikuwa na uwezo wa kukohoa, na mdomo wake tayari ulikuwa umefunguka, huku akijua kwamba akikohoa mama huyu anakwenda Mnara. Ishirini na tano. Ishirini.

Bibi Anasia alikiinua kile kisanduku cha karatasi, akakiweka chini sakafuni taratibu, kama mtu anayepisha sahani mezani.

"Ahsante," alimwambia kivuli. Akabonyeza.

Saa ilisimama kwenye sekunde kumi na moja.

*

Gaudensi alifunga mashine yake bila neno, na safari hii hakumshika mtu mkono. Zuwena alitia saini ya ushahidi. Kabla hajatoka alimwambia Aikande, kwa sauti ya chini, "Umemtoa mmoja. Barua ile itupe, najua utaitupa. Ukishaitupa, sitini waliobaki wanakwenda mtaani. Hilo nalo uliandike kwa mkono wako." Hakuonekana mwenye hasira. Aikande hakujua bado kama alikuwa mtu mwema aliyekosea au mtu aliyenunuliwa aliyepata maneno mazuri. Pengine Zuwena mwenyewe hakujua.

Aliitia barua ya Tessaly kwenye bahasha ya vielelezo vya kughushi, akaipiga muhuri, kisha akampeleka Bibi Anasia kwenye benchi la ukumbini na kumletea maji.

"Nilidhani hutabonyeza," alisema.

"Hata mimi." Mzee alikunywa, akapumzika. "Nilimwambia nimemuuza ng'ombe wake mweupe. Mama yangu angenifukuza mpaka barabarani kwa fimbo. Huyu akaniambia nimefanya vizuri. Halafu lile la pili, ambalo nimelibeba miaka thelathini na sita, akanisamehe kabla sijafika mwisho wa sentensi. Mama hakuwa mtu wa kukubali, mjukuu wangu. Ukimkosea, unakwenda siku ya kwanza, hakufungulii. Siku ya pili, hakufungulii. Huyu alikuwa na mikono yake. Mlango wake hakuwa nao."

Aikande alikuwa akiwaza nyuso sitini na siku nane zilizobaki.

"Nyuma ya mama," Bibi Anasia alisema ghafla, "palikuwa na mtu anaswaga mbuzi. Kwenye filamu. Sikio moja limekatika."

"Ndiyo. Kwenye orodha yao ni nambari kumi na tisa."

"Nambari gani! Yule ni Kaaneli. Mwanawe wa mwisho nilimpokea mimi, yuko Poli, anafuga nyuki. Na wale wasichana wawili wanaocheka, mmoja ni mama yake mwalimu Ndewario. Yule mwenzake alihamia mjini, na wote wawili wameacha wajukuu. Mimi nimezalisha kata nzima hii, unadhani siwajui?" Alimgonga Aikande goti kwa kidole. "Una kalamu?"

Aikande alikuwa nayo. Aliandika Kaaneli, akaandika Poli, akaandika Ndewario, na mkono ukimkimbia aliiona mbele yake ile saa ya ukutani na kiti kile kilaini, na watoto wa watu hawa wakiketishwa mmoja baada ya mwingine mbele ya duara la mwanga, kila mmoja na jambo lake ambalo hakuwahi kusamehewa.

"Bibi," alisema, "unadhani wangapi watabonyeza?"

Bibi Anasia aliigusa ile kalamu kwa kidole.

"Andika kwanza," alisema.